Sheria Anazosoma Mwanangu

Nyumba ya Getini
Tarehe 3 Februari

Kitindamimba wangu,

Mimi mzima kama reli, nimelala chini na mizigo inapita juu. Hofu ni kwako unayeshinda na vitabu bila mtu wa kukukumbusha kula.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, ingawa unajua shule yangu iliishia pale mwalimu alipohama. Unasema umeanza kusomea "kukadiria mawimbi ya mshtuko katika sheria za uhifadhi zisizonyooka". Mstari huo nimeurudia mpaka jasho likanitoka. Sheria nimeelewa. Zisizonyooka pia nimeelewa, maana za kunyooka sijawahi kukutana nazo. Mshtuko ni ule wa mshtakiwa anaposomewa hukumu, na kukadiria ni kukadiria faini. Nimepatia au sikupatia? Sikusoma, lakini si mjinga.

Mtaa mzima wanajua. Nimesema kwa kinyozi, nimesema kwenye mashine ya kusaga, nimesema kwenye foleni ya maji ambako hata sikuwa na ndoo. Yule karani mstaafu aliyezoea kuicheka kofia yangu ya kazi sasa ananiita Baba Wakili, na anasimama kwanza.

Huku wanajenga daraja la magari juu ya reli. Geti langu nililofunga na kufungua maisha yangu yote, bila mbuzi wala baiskeli kukanyagwa, litang'olewa. Vibanda vya pembeni vyote vitavunjwa, na cha Soli kimo. Soli fundi viatu, aliyekuwa akikushonea viatu vya shule na kusema kila mara kwamba hii ndiyo ya mwisho. Wenye vibanda wanachangishana waweke wakili ili wapewe nafasi kwenye soko jipya. Mimi nimecheka tu, nikawaacha.

Kula vizuri, wakili.

Baba yako

*

Chuoni
Tarehe 22 Februari

Baba, shikamoo.

Hilo la wakili limenichekesha hadi mwenzangu wa chumba akauliza kuna nini. Marehemu mama naye aliniita hivyo nilipobishia saa ya kulala. Kumbe jina bado lipo.

Ngoja nikueleze ninachofanya, maana nadhani wewe umekiona kuliko mtu yeyote. Kumbuka ukifunga geti. Magari yanasimama, nyuma yanakuja mengine, nayo yanasimama. Kila gari lilikuwa linaenda mbele, lakini mkia wa foleni unarudi nyuma, unapita kibanda cha Mjomba Soli, unapita kisima, unaenda. Pale mkiani, hatua moja huku magari yanakimbia, hatua moja kule yamesimama kabisa. Hapo panapobadilika ghafla ndipo tunapoita mshtuko. Na sheria yenyewe ni moja: magari hayapotei. Yaliyoingia barabarani, ukitoa yaliyotoka, ndiyo yaliyobaki.

Kazi yangu ni kuifanya kompyuta itabiri mkia huo utafika wapi na lini. Naikata barabara vipande vipande na kuhesabu kila kipande. Tabu ni kwamba kompyuta haipendi mahali pakali. Ama inaulainisha mkia mpaka hujui foleni inaanzia wapi, ama inazua magari ya uongo mbele na nyuma yake, magari ambayo hayapo. Nahangaika na hilo usiku na mchana.

Mpe salamu Mjomba Soli. Mwambie viatu vya hapa vinaachia gundi mvua ya kwanza.

Mwanao

*

Nyumba ya Getini
Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Sasa umenieleza nikaelewa mpaka kisogoni. Kumbe ni sheria za barabarani. Ungesema tangu mwanzo nisingetoka jasho. Tena ni bora zaidi, kwa sababu kesi ya huku ni ya barabara, na wewe ndiyo fani yako. Na hayo magari ya uongo usiyo na uwezo nayo, hapa yapo tele, yana namba za kuchonga.

Sasa sikiliza nilichokufanyia. Soli alikuwa ameshaingia kwenye kundi la wenye vibanda, na wakili wao walishampata, kijana mmoja shati limemzidi. Nikamfuata Soli kibandani, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwambia jitoe. Akasita. Akasema, "Mzee, nikitoka pale sirudi, wameshanuna kwa sababu mchango wangu ni nusu."

Nikamwambia, "Wewe Soli, utanunuaje maji na mto unapita mlangoni? Mwanangu anasomea jambo hili hili, mkia wa foleni umepita kwenye kibanda chako, yeye mwenyewe ameandika." Nikamsomea barua yako, ile sehemu ya kibanda. Alifurahi, akaniomba nirudie.

Akasema, "Ukinizamisha, mzee, nitakuja kukubandua soli za miguu."

Tukacheka. Kesho yake akajitoa. Wenzake wamemwambia maneno, yeye anaendelea kushona, ana tumaini.

Baraza la kugawa nafasi za soko jipya litakaa tarehe 17 Juni. Uje mapema, na lile joho jeusi lipigwe pasi. Nitakaa mbele, watu wanione.

Baba yako, Baba Wakili

*

Chuoni
Tarehe 6 Aprili

Baba,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na uisome yote.

Mimi si wakili. Sisomei sheria za mahakama wala za barabarani. Nasomea hesabu. "Sheria" ninayoisema ni kama kusema jua huchomoza mashariki, ni jinsi vitu vilivyo, hakuna hakimu ndani yake. Sina joho. Nikisimama barazani watanitoa nje, na watakuwa na haki.

Nilidhani unanitania. Kosa hilo ni langu, ningeuliza.

Tafadhali nenda kwa Mjomba Soli leo. Si kesho. Mwambie arudi kundini, aombe radhi, amtafute yule kijana wa shati kubwa. Bado kuna muda. Kibanda kile ndicho kinachompa chakula chake, hana kingine, wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Simu niliyokununulia nimepiga mpaka nimechoka, imezimwa.

Sijakukasirikia. Lakini nenda.

Mwanao

*

Nyumba ya Getini
Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika ila ilinyeshewa, maandishi mengine yameyeyuka, na macho yangu msimu huu hayaelewani na wino. Kwa hiyo nimeisoma kwa kuruka ruka. Simu ipo kabatini, salama. Simu haina pa kutia saini, mimi siipendi.

Mvua zimekuwa kubwa. Bati la jikoni limeinuka, nimepanda mwenyewe na nyundo, jirani anapiga kelele nitaanguka, nikamwambia mimi nilikuwa napanda mnara wa taa za treni wakati wewe unatambaa. Wahandisi wa daraja wameanza kupima. Wananiuliza treni ya mizigo inapita saa ngapi, nawajibu, na mmoja ameandika jina langu kwenye daftari lake.

Soli anakusalimu sana. Anashona viatu vyeusi vya kike, vya kisigino kifupi, vya mtu wa kusimama kwa heshima barazani. Ameniuliza namba ya mguu wako nikampa. Ngozi ni nzuri, sijui kaitoa wapi.

Mtu mzima ukishampa neno hulirudishi ukalisema upya kama mtoto aliyekosea shairi. Na mambo ya baraza hayatabiriki, huenda wakaahirisha, serikali huahirisha kila kitu. Mungu ni mkubwa.

Kula.

Baba yako

*

Chuoni
Tarehe 19 Mei

Baba,

Namba ya mguu wangu umempa. Na lile lingine, umempa?

Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana. Nina mtihani wa kutetea kazi yangu juma lile lile la baraza, siwezi kuja. Ningeandika kwa Mjomba Soli mwenyewe, lakini sitaki alisikie kutoka kwangu kabla hajalisikia kwako. Nakuachia.

Mwanao

*

Nyumba ya Getini
Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Natumaini mtihani umepita salama. Wewe hujawahi kushindwa mtihani, hilo nalisema popote.

Baraza halikuahirishwa.

Wenye vibanda waliitwa mmoja mmoja, na yule kijana akasimama nao. Shati linamzidi ila mdomo anao. Wote wamepata nafasi kwenye soko jipya, hata yule muuza vocha aliyekuja juzi juzi. Alipoitwa Soli, mwenyekiti akauliza msemaji wako yuko wapi. Soli akanigeukia. Nikasimama, nikasema wakili wetu yuko njiani, amekwama kwenye foleni. Watu wa nyuma wakacheka kidogo, sijui walicheka nini. Mwenyekiti akangoja, akanywa maji yake, akaendelea na wengine, akarudi kwetu. Akamwambia Soli ajieleze mwenyewe. Soli unamjua, mbele ya kiatu anasema, mbele ya watu anameza mate. Akasema, "Mimi nipo pale siku nyingi." Basi. Wakaandika kwamba hana hoja.

Kibanda kilivunjwa Jumamosi. Mbao zake hazikuwa nyingi. Nilitaka kumsaidia kubeba, akasema ziache, zimeoza. Ameenda kwa dada yake, mbali, huko ambako watu wanavaa ndala na hawashoni viatu. Alinishika mkono vizuri tu, hakuninunia. Angeninunia ningejua pa kushika.

Kwa kinyozi siendi siku hizi, nywele zenyewe zimebaki chache.

Barua zako zote nilizipata. Hazikunyeshewa.

Baba yako

*

Nyumbani kwa dada yangu
Tarehe 30 Julai

Kwa mwanangu wakili,

Anayeandika ni mpwa wangu, maneno ni ya mimi Soli. Anwani yako nilipewa na baba yako siku naondoka. Niliiomba mwenyewe, alisita lakini akanipa.

Nataka ujue sikulaumu. Baba yako alieleza mbele ya baraza kwamba ulikwama kwenye foleni, na mimi nimekaa kando ya foleni umri wangu wote, najua mtu anavyoweza kukwama na anaona kabisa anakokwenda. Nakujua, wewe ni mtu wa kujilaumu tangu mdogo. Usijilaumu. Hata ungefika huenda wangeninyima, mimi si mtu wa karatasi nyingi.

Baba yako ndiye anayenipa mawazo. Siku ile alikuwa na uso wa msiba. Mtazame. Anapenda kuonekana chuma lakini chuma nacho hushika kutu.

Hapa nipo. Nashona mabegi ya wanafunzi, zipu zaidi. Mikono haijazoea.

Mjomba wako Soli

*

Chuoni
Tarehe 12 Agosti

Baba, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Mjomba Soli. Nimeisoma, nikaifunga, nikaifungua tena. Sijamjibu. Nikimjibu kama wakili nitakuwa muongo, nikimjibu kama mimi nitakuwa nimekuvua nguo. Barua hiyo imekuja kwa jina langu lakini si yangu.

Kazi yangu walinirudishia. Sikukuambia, maana ulishawaambia watu sishindwi. Nilikuwa nimefuata mwendo wa magari badala ya kuhesabu magari yenyewe. Picha ilitoka safi ajabu, mkia mkali, hauna magari ya uongo hata moja, niliipenda. Kumbe ulikuwa unakwenda kwa kasi isiyo yake, unafika mahali pasipo pake. Mwalimu akaniambia barabara ikiwa shwari njia zote mbili zinatoa jibu moja, kwa hiyo huwezi kugundua. Ni penye mshtuko tu ndipo zinapoachana. Alihesabu magari yaliyoingia na yaliyotoka, mengine hayakuonekana popote. Nimeanza upya.

Baba, nimemuuliza wakili wa kweli, wa hapa mjini. Anasema Mjomba Soli anaweza kuomba asikilizwe tena, kama kuna mtu atakayeandika na kutia saini kwamba alijitoa kundini kwa kudanganywa, na aseme aliyemdanganya ni nani. Anasema ni vigumu, na muda unakwisha mwezi ujao. Bila barua hiyo hakuna hata mlango wa kubisha.

Sitakuambia ufanye nini. Nilishakuambia mara mbili.

Mwanao

*

Nyumba ya Getini
Tarehe 1 Septemba

Soli,

Karatasi hii nimeianza na kuichana, kwa sababu kila nikianza najikuta natoa habari zangu za bati na za wahandisi walioandika jina langu. Sasa naanza na yako.

Mwanangu si wakili. Hajawahi kuwa, hajawahi kusema. Anasoma hesabu za foleni na mawimbi, jambo gumu sana ambalo silijui, nami niliona neno sheria nikalirukia kama mtu aliyeokota pochi, nikakimbia nalo mtaani. Yeye hakukosa kitu. Usimsamehe, hana la kusamehewa.

Aliniandikia ukweli mwezi wa nne. Baraza lilikuwa la mwezi wa sita. Katikati hapo, Soli, nilikuja kibandani kwako karibu kila siku. Unaniuliza, "Wakili hajambo?" Nakwambia hajambo. Unanionyesha ngozi ya vile viatu, nakwambia kisigino punguza kidogo. Maneno yalikuwa hapa kooni, na wewe ungeyachukua, ungenitukana ukacheka, halafu ungeenda kuwaomba wenzako radhi jioni ile ile. Hilo ndilo linalonisumbua. Hukuwa mtu wa kuogopwa. Nilimwogopa karani na kinyozi, nikakupoteza wewe.

Mpelekee barua hii yule kijana wa shati kubwa, nimemwambia utakuja, na nauli yako ya basi nimeiacha kwake, akurudishie ukifika. Anasema tumechelewa lakini atajaribu. Akitaka kuisoma kwa sauti mbele ya baraza na mtaa wote, aisome. Nitakuwepo, na safari hii nikiitwa nisimame nitasimama kusema haya haya. Saini yangu ipo chini, ya kuandika, si ya dole gumba.

Lakini kuna moja ambalo kijana yule hana haja nalo, nimelipiga mstari pembeni ili asilisome. Siku ile uliketi mbele, na kila mlango ulipolia ulikuwa unageuka. Mimi niliketi nyuma yako. Nilijua hakuna anayekuja. Na kila ulipogeuka, na mimi niligeuka nikautazama mlango, ili ukiniona unione nangoja.

Mlinda geti